Msimu wa Pili Ndio Mtihani wa Mwalimu

Mkulima wa Matembwe, wilayani Njombe, apandapo mparachichi wa kupandikizwa hatarajii kuuza tunda mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili huukagua kwa jicho kali zaidi: shina limenenepa? Baridi imeuacha na majani? Mavuno huanza mnamo mwaka wa tatu. Ndugu zetu wa Unguja na Pemba wanaujua mkarafuu, ambao humsubirisha mwenyewe miaka sita au zaidi. La kushangaza ni kwamba watu hawa hawa, wenye subira shambani, wafikapo kiwanjani hutaka kuvuna siku ile ile ya kupanda.

Twalisema hili kwa sababu walimu wa kandanda, wa vyuo, shule na klabu, mara nyingi hupimwa kwa jambo moja tu, nalo ni matokeo ya mchezo wa mwisho. Rai yetu ni kwamba mwalimu apimwe baada ya msimu wake wa pili. Katika msimu wa kwanza hutumia wachezaji aliowarithi, hivyo sifa na lawama si zake peke yake. Katika msimu wa pili timu huwa ni yake, na wapinzani nao wamekwisha kumjua.

Tutazame mfano wa Nasreddine Nabi, Mtunisia aliyeanza kuifundisha Yanga Aprili 2021. Msimu wake kamili wa kwanza, wa 2021/22, Yanga ilitwaa ubingwa wa Ligi Kuu bila kupoteza mchezo hata mmoja. Msimu wa pili ukaja na mitihani. Oktoba 2022 Al Hilal ya Sudan iliitoa Yanga katika Ligi ya Mabingwa kwa jumla ya mabao 2-1, na wapo waliotaka mwalimu afukuzwe. Novemba 29, Ihefu ya Mbarali, mkoa wa Mbeya, jirani zetu katika barabara kuu itokayo Makambako, iliifunga Yanga 2-1 na kukata mfululizo wa michezo 49 ya ligi bila kushindwa. Haukupita muda, Feisal Salum, kijana wa Zanzibar aliyekuwa mhimili wa kiungo, akaingia katika mgogoro na klabu.

Mwalimu hakuyumba. Januari 2023 alisajiliwa Mudathir Yahya, naye pia wa Zanzibar, na kiungo kikasimama tena. Yanga ikatetea ubingwa wake, ikatwaa na Kombe la Shirikisho la nchini, kisha ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika. Ilikuwa klabu ya pili ya Tanzania kufika fainali ya Afrika, baada ya Simba mwaka 1993. Ilifungwa 2-1 na USM Alger Dar es Salaam, ikashinda 1-0 Algiers, na kombe likapotea kwa kanuni ya mabao ya ugenini tu. Kama wale wa Oktoba wangesikilizwa, safari hiyo isingekuwapo.

Huku kwetu tunao mfano wa upande wa pili. Njombe Mji ilipanda Ligi Kuu msimu wa 2017/18 na kushuka msimu huo huo, baada ya kubadilisha walimu njiani. Hatudai kwamba mwalimu mmoja angeiokoa. Upungufu wa timu ndogo ni mwingi. Lakini ni dhahiri kwamba hapakuwa na mtu aliyepewa nafasi ya kusahihisha makosa yake mwenyewe.

Chuoni kazi ni ngumu zaidi. Wachezaji huhitimu na kuondoka wakati ambapo wameanza kuelewana, na mwalimu wa timu aghalabu ni mwalimu wa darasani pia, ambaye hufundisha mpira jioni, vipindi vikiisha. Kumhukumu kwa idadi ya vikombe tu ni kumdhulumu.

Kwa hiyo tunawaomba maafisa wa michezo na wakuu wa vyuo, Bara na Visiwani, watumie vipimo vitatu. Kwanza, wachezaji aliowakuta wameendelea kiasi gani? Pili, baada ya kushindwa, timu iliinuka au ilivunjika? Tatu, alipewa mipira, kiwanja na muda, au alipewa maneno matupu? Kipimo hiki cha tatu kinawahusu viongozi kuliko mwalimu, na pengine ndiyo sababu hakitajwi sana.

Hatusemi mwalimu asiyeweza abakizwe. Mti ulionyauka mwaka wa pili mkulima huung'oa, wala halaumiwi. Lakini huung'oa baada ya kuukagua toka shina hadi majani, na baada ya kujiuliza kama yeye mwenyewe aliupalilia.