Bei ya beringi isikufanye uahirishe matengenezo

Gari la familia likianza kuvuma upande wa tairi la mbele, na mvumo ukazidi kadiri mwendo unavyoongezeka, huenda beringi imechoka. Wazazi wengi wakishatajiwa bei na gereji ya wakala wa kampuni ya gari, husubiri mwisho wa mwezi. Hapo ndipo penye hatari: beringi ikifa kabisa, tairi hulegea, na watoto wamo ndani.

Bei hiyo si amri. Omba mchanganuo: spea kiasi gani, ufundi kiasi gani. Uliza kama wamehesabu habu nzima au beringi tu. Upande ambao haujaharibika si lazima uguswe.

Mpelekee fundi mwingine unayemwamini mchanganuo huo. Gari likiwa kwenye jeki, atashika tairi juu na chini na kulitikisa. Likicheza, athibitishe ni beringi, si boljointi. Uliza pia kama ana mashine ya presi, maana beringi nyingi hushindiliwa kwa presi. Nyundo huiharibu ikiwa bado mpya.

Hadi itengenezwe, watoto waende shule kwa usafiri mwingine.