Dawa ya pumu ambayo mtoto haoni faida yake

Mwaka 1996 watafiti wa Denver, Marekani, walichapisha matokeo ya uchunguzi wa watoto 24 wenye pumu, wa miaka 8 hadi 12. Matumizi ya dawa ya kinga yaliandikwa daftarini, na papo hapo kifaa cha elektroniki kwenye inhela kikahesabu kila ilipobonyezwa. Kwa mujibu wa madaftari, dawa ilitumika kwa takriban asilimia 95 ya dozi zilizoagizwa. Kifaa kilihesabu asilimia 58. Watoto waliozidiwa hadi wakapewa steroidi za kumeza walikuwa wamevuta karibu asilimia 14 tu.

Sitawaita walioandika madaftari yale waongo. Asubuhi basi la shule linapiga honi, mama anauliza "umevuta?", mtoto anajibu "nimevuta", yamekwisha. Hatari iko kwa daktari: akiamini dawa inavutwa yote na kifua bado kinabana, ataongeza dozi au atabadilisha dawa, kumbe ile ya kwanza haijawahi kujaribiwa sawasawa.

Chanzo cha dawa kutovutwa kimo ndani ya dawa zenyewe. Salbutamol, ambayo mara nyingi huja kwenye inhela ya bluu, hulegeza misuli iliyobana njia za hewa. Dakika chache tu, mtoto anapumua, naye anajua kilichomsaidia. Beclometasone, dawa ya kinga ambayo mara nyingi inhela yake ni ya kahawia, hupunguza uvimbe ulio ndani ya njia hizo, kwa siku na majuma. Akishaivuta hahisi chochote. Basi ya bluu hupendwa, ya kahawia huachwa kabatini mara kikohozi kinapokoma, ingawa uvimbe bado upo na salbutamol haiutibu.

Halafu kuna hofu: "atazoea", "ataishi kwa pampu". Dawa ya kinga haileti uraibu. Kuhusu kimo, wazazi wana haki ya kuambiwa ukweli: utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kwamba watoto waliovuta budesonide, dawa nyingine ya kinga, kila siku kwa miaka kadhaa walikuwa wafupi kuliko wasioivuta kwa sentimita 1.2 hivi walipofikia utu uzima. Ukilinganisha na pumu isiyodhibitiwa, mimi naona ni bei ndogo. Kinachopaswa kutisha ni mtoto anayehitaji ile ya bluu kila siku.

Mbinu ninayoiamini kuliko zote ni kuweka dawa ya kinga pamoja na mswaki. Avute kwanza, ndipo apige mswaki na kusukutua, asubuhi na usiku. Kusukutua huondoa dawa iliyobaki mdomoni, ambayo huweza kuleta fangasi. Na mtu mzima asimame hapo aone kwa macho yake. Mtoto wa miaka minane hajafikia kuachiwa kazi hii peke yake. Nyumba yenye mama, bibi na dada wa kazi imteue mmoja, maana kila mmoja hudhani mwenzake ameshampa.

Mtoto mdogo atumie spesa, chombo kinachowekwa kati ya inhela na mdomo: bonyeza mara moja, apumue kawaida mara tano au sita, ndipo ubonyeze tena. Spesa ikikosekana, kuna chupa ya plastiki ya nusu lita. Utafiti wa Cape Town wa mwaka 1999 uliona kwamba chupa hiyo, ikitobolewa chini, inhela ikaingizwa humo na pembeni mwake pakazibwa hewa isivuje, ilifungua vifua vya watoto sawa na spesa ya dukani. Mwombe mhudumu wa kliniki akuonyeshe.

Hesabu pia. Inhela ya mibonyezo 200, ikitumika miwili asubuhi na miwili usiku, huisha kwa siku 50. Baada ya hapo huendelea kutoa mvuke usio na dawa, kwa hiyo andika tarehe ya kuianza.

Ya bluu iende naye shuleni, na mwalimu wa darasa ajue. Ikifungiwa ofisini haimsaidii mtu. Mtoto akishindwa kumaliza sentensi, mbavu zikiingia ndani anapovuta pumzi, au midomo ikigeuka rangi, endelea kumpa ya bluu kupitia spesa huku mkielekea hospitali.