Pumzi ya Mtoto Mchanga Isiamuliwe kwa Kukisia

Mtoto anayezaliwa kabla ya miezi yake kutimia huja duniani na mapafu yasiyokomaa. Vifuko vya hewa vilivyomo ndani yake huhitaji utelezi maalumu, uitwao safaktanti, ili visigandamane kila pumzi inapotoka. Mwaka 1959 wataalamu wawili wa Marekani, Mary Ellen Avery na Jere Mead, walionyesha kuwa upungufu wa utelezi huo ndio chanzo cha maradhi yaliyokuwa yakiwaua watoto hao. Agosti 1963 mtoto wa Rais John F. Kennedy alifariki kwa maradhi hayo hayo akiwa na umri wa siku mbili. Cheo cha baba hakikumfaa, kwa kuwa tiba ilikuwa haijapatikana.

Leo tiba ipo. Mwaka 1971 George Gregory na wenzake walieleza njia ya kumpa mtoto msukumo wa hewa usiokatika, na mwaka 1980 Tetsuro Fujiwara na wenzake wa Japani wakaeleza jinsi ya kumtilia safaktanti mapafuni. Lililobaki ni kujua yupi apewe nini, na wakati gani.

Jambo hilo si dogo. Watoto watatu waweza kuhema kwa namna moja. Wa kwanza amepungukiwa na safaktanti. Wa pili amebakiwa na majimaji mapafuni, ambayo kwa kawaida hukauka yenyewe baada ya siku moja au mbili. Wa tatu hewa imevuja nje ya pafu, na kumzidishia msukumo ni kumzidishia hatari.

Ultrasaundi, ambayo mama zetu wajawazito wanaifahamu, sasa hutumika kuwapambanua watoto hao papo hapo kitandani, bila ya kuwahamisha wala kuwapitishia mionzi ya eksirei. Pafu lenye hewa huonyesha mistari iliyolala. Lenye majimaji huonyesha mistari iliyosimama, na hali ikizidi picha yote huwa nyeupe. Mwaka 2015 madaktari wa Ufaransa walichapisha utafiti wa kuyapima mapafu kwa alama: sehemu 6 za kifua, kila moja alama 0 hadi 3, jumla yake isizidi 18. Alama zikiwa nyingi, daktari hutambua mapema kwamba mtoto huyo yaelekea atahitaji safaktanti.

Kwa sisi tunaoishi visiwani, jambo hili lina uzito wa pekee. Mtoto akizidiwa usiku, baina yake na hospitali kubwa huenda ikawapo bahari. Kumvusha asiyestahili kuvushwa ni kumtia hatarini bure. Kumchelewesha anayestahili ni kumpoteza.

Hata hivyo, hatupendi wahusika wadhani kwamba mashine ndiyo tiba. Picha haimpi mtoto pumzi. Pasipo oksijeni ya uhakika, umeme usiokatika na muuguzi anayekesha, picha hiyo haina faida. Wala hapana haja ya kungojea mitambo ya fahari. Mashine inayowahudumia wajawazito, ikipatiwa kichwa kidogo kinachofaa kifua cha mtoto, yaweza kuifanya kazi hiyo. Jahazi bila ya nahodha ni mzigo wa bandari. Kwa hiyo mafunzo ya madaktari na wauguzi yatangulie ununuzi, na aliyefunzwa asihamishiwe idara nyingine kabla ujuzi wake haujazaa matunda.

Mataifa yamekubaliana kwamba ifikapo mwaka 2030 vifo vya watoto wachanga visizidi 12 katika kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai. Mapinduzi ya mwaka 1964 yalitufunza kuwa afya ni haki ya kila mwananchi, na mtoto huyu ni mwananchi tangu pumzi yake ya kwanza. Tunawaomba viongozi wetu waliingize jambo hili katika makadirio ya mwaka ujao, wakianza na fungu la mafunzo.