Golf: Tapi ngumu ya mazoezi inaweza kumharibia mchezaji kiwiko

Lubumbashi – Mvua inapokatika katika Haut-Katanga, kuanzia mwezi wa tano hadi wa tisa, kiwanja kisichomwagiliwa maji kinageuka rangi ya udongo. Kwa mpira wa miguu, wakaaji wa Lubumbashi wanajua dawa yake tangu 2011, wakati TP Mazembe ilipofungua kiwanja chake cha Kamalondo chenye majani bandia. Golf, mchezo ambao jina lake linabebwa na mtaa mzima wa mji huu, ina dawa inayofanana nayo, ila ndogo: tapi ya majani ya plastiki, mara nyingi ya mita 1.5 kwa mita 1.5, ambayo mchezaji anasimama juu yake wakati wa mazoezi.

Sababu yake inaeleweka haraka. Kila pigo zuri la fimbo ya chuma linang’oa kipande cha majani pamoja na udongo. Katika mchezo wenyewe si neno, kwa sababu mtu anapiga na kusonga mbele. Kwenye mazoezi, mtu mmoja anapiga mipira 50 au 100 akiwa amesimama palepale, kisha mwingine anachukua nafasi yake. Majani yanahitaji wiki kadhaa na maji mengi ili yaote tena, na kiangazi hakiyapi nafasi hiyo.

Lakini si kila tapi inafaa, na hapa ndipo wengi wanaponunua hasara. Udongo unaipokea fimbo. Tapi nyembamba iliyowekwa juu ya betoni inaikataa. Fimbo inagonga, inaruka, na mshtuko unapanda katika kifundo cha mkono hadi kwenye kiwiko. Pigo moja halimdhuru mtu. Mamia ya mapigo kila wiki yanaweza kuumiza mishipa inayoshikilia misuli upande wa ndani wa kiwiko, maumivu ambayo waganga wameyapa jina la mchezo huu. Anayepiga mipira mingi kuliko wote ndiye yuko hatarini zaidi: kijana anayejifunza, mwalimu wake, na wale wanaobeba mifuko ya fimbo za wengine na kujifunza jioni, watu ambao mara nyingi hawana pesa ya kulipia matibabu ya kiwiko.

Tapi ngumu pia inadanganya. Kwenye majani ya kweli, ukigonga ardhi sentimita chache nyuma ya mpira, fimbo inazama na mpira unaanguka karibu. Kwenye tapi ngumu fimbo inateleza, inaufikia mpira, na mpira unaruka vizuri kana kwamba hakuna kosa. Mwanafunzi anarudi nyumbani na furaha, na siku ya mashindano hajui kilichomtokea.

Picha za wauzaji zinaonyesha rangi ya kijani, ambayo haisemi lolote. Kinachofaa kuulizwa ni aina ya nyuzi na kilicho chini yake. Polipropilini ni ya bei ya chini, lakini inayeyuka karibu na nyuzi joto 160. Msuguano wa fimbo unaiunguza na kuacha alama za kijani kwenye chuma. Nailoni inavumilia hadi kupita nyuzi 200 na inadumu zaidi. Chini ya nyuzi inatakiwa sponji nzito, si raba ngumu peke yake. Piga magoti juu ya tapi kwa dakika moja: goti likiuma, kiwiko nacho kitauma.

Wengine hufikiria kukata mabaki ya majani bandia ya kiwanja cha mpira. Hayafai. Nyuzi zake ni ndefu, milimita 40 hadi 60, na zinasimama kwa msaada wa mchanga na chembe za raba ambazo kila pigo litazirusha usoni.

Kwa Lubumbashi, ningeanza na tapi ambayo kipande chake cha kupigia kinatoka na kubadilishwa. Sehemu hiyo inaisha wakati pembe zote bado ni mpya, na mzigo unaoshukia bandari ya Dar es Salaam unapita Tunduma na Zambia nzima kabla ya kufika Kasumbalesa. Tapi nzima yenye raba ni nzito. Vipande vya akiba viagizwe pamoja nayo mara moja.

Kuiweka kunahitaji fundi wa kujenga kuliko mchezaji. Betoni iwe laini, na mteremko wa sentimita moja kwa kila mita ili maji yasitulie. Changarawe iliyoshindiliwa inagharimu kidogo na ni laini zaidi, ila mvua za mwezi wa kwanza zinaweza kuididimiza. Miguu na mpira lazima viwe kwenye usawa mmoja: kama tapi ni ndogo na mtu anasimama pembeni yake, ichimbiwe, la sivyo anazoea kupiga mpira ulio juu kuliko viatu vyake.

Acha karibu mita 3 kutoka katikati ya tapi moja hadi nyingine. Usizielekeze magharibi, kwa kuwa wengi hucheza baada ya kazi na jua litakuwa machoni. Halafu zipangwe kwa kamba, kwa sababu mchezaji hulenga kwa kufuata ukingo wa tapi bila kujua. Ikikaa upande, wote watalenga upande.

Kila wiki tapi igeuzwe, ifagiliwe mchanga, na ioshwe kwa maji na sabuni kidogo. Kipaa cha mabati juu yake kinaikinga na jua, ambalo huichosha plastiki. Na ikiisha katikati haitupwi: pembe zake hukatwa na kuwekwa chini ya miguu, pale ambapo fimbo haifiki.