Lini Programu Huria Iache Toleo la Zamani la Lugha Yake? Mfano wa Programu za Afya Wilayani Kasese, Uganda

Kila programu ya wavuti huandikwa kwa lugha fulani ya kompyuta, na lugha hiyo nayo hutolewa kwa matoleo. Toleo jipya litokapo, watunzi wa programu huria hukabiliwa na swali: waendelee kuzihudumia seva zenye toleo la zamani, au wazitake zote zihame? Makala hii inalichunguza swali hilo kupitia programu mbili za afya zitumikazo Uganda, zote zikiwa zimejengwa kwa Java.

Ya kwanza ni DHIS2, inayosimamiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, ambayo Wizara ya Afya ilianza kuieneza nchini kote mwaka 2012. Toleo lake la 2.41, la mwaka 2024, linadai Java 17. Sharti hilo halimsumbui karani wa takwimu aliyeko Bwera, kwani yeye hutumia kivinjari tu. Java imo katika seva ya taifa, na mafundi wachache huibadilisha kwa niaba ya wilaya zote.

Ya pili, UgandaEMR, imejengwa juu ya OpenMRS na hutunza kumbukumbu za mgonjwa mmojammoja. Hii kwa kawaida huwekwa katika seva ya kituo chenyewe, kazi isisimame mtandao unapokatika. Hapa ndipo penye uzito. OpenMRS 2.0 ya mwaka 2016 ilipodai Java 8, kuhama kulimaanisha kunakili data, kuweka Java mpya na kuzijaribu moduli zote, kituo kwa kituo, wagonjwa wakiwa foleni.

Hata hivyo, kuing'ang'ania Java ya zamani si huruma. Java 7 iliacha kupata marekebisho ya usalama ya umma Aprili 2015. Kasoro iliyogunduliwa baadaye ilibaki wazi, nayo kumbukumbu hizo zina mambo ya siri kama hali ya VVU. Bwera, tena, iko jirani na mpaka wa Mpondwe. Juni 2019 mtoto wa miaka mitano kutoka Kongo alipokelewa Hospitali ya Kagando, akahamishiwa Bwera, akathibitika kuwa na Ebola. Katika siku kama hizo, wafuatiliaji wa waliokutana na mgonjwa huhitaji kujua nani alipita wodi ipi. Seva iliyovurugwa na uhamaji wa haraka haiwafai, wala iliyovamiwa.

WordPress huhesabu tovuti zinazotumia kila toleo la PHP; iliiacha PHP 5.6 Agosti 2023 tu, ingawa marekebisho ya toleo hilo yalikoma mwishoni mwa 2018. Kwa Kasese kipimo hicho kina dosari: seva isiyofika mtandaoni haihesabiwi. Kipimo bora ni tarehe ya lugha yenyewe kukoma kurekebishwa, itangazwe mapema, na toleo la mwisho la programu linalokubali Java ya zamani liendelee kuzibwa nyufa hadi fundi wa wilaya amalize mzunguko wake, akiwa na Java mpya na programu yenyewe katika diski ya mfukoni.