Vitabu vya katuni vya kale ni hazina, si takataka

Wahenga walinena kwamba usiache mbachao kwa msala upitao. Methali hii hunijia akilini kila nionapo kurasa za vitabu vya katuni vya zamani zikifungiwa njugu sokoni au zikiwashia jiko la makaa. Wengi wetu tuliofunzwa ualimu tulilelewa tukiamini kwamba vitabu hivyo ni upuuzi wa watoto, hasa vile vinavyosimulia safari za angani na viumbe wa sayari nyingine. Leo nakusudia kutoa hoja iliyo kinyume, na sina budi kuanza kwa kuungama kosa langu mwenyewe.

Mnamo mwaka wa 2004, kabla sijarudi chuoni kwa masomo ya uzamili, nilikuwa mwalimu wa Kiswahili katika shule moja ya upili mjini Garissa. Alasiri moja ya joto kali nilimfuma mwanafunzi wa kidato cha pili akisoma kitabu cha katuni chini ya dawati, ilhali wenzake walikuwa wakishughulikia ngeli za nomino. Kitabu chenyewe kilikuwa kikuukuu, hakina jalada, na kurasa zake zilikuwa zimegeuka rangi ya chai. Ndani yake mlichorwa watu waliovaa kofia za vioo wakitua kwenye sayari iliyojaa mchanga. Nilikitwaa, na mwisho wa muhula nikakitia motoni pamoja na karatasi chakavu za ofisini.

Miaka mingi baadaye nilikutana na kijana yule karibu na soko la Mugdi, naye sasa ni mtu mzima mwenye watoto. Tuliamkuana kwa furaha, kisha akaniuliza kwa heshima: "Mwalimu, kile kitabu changu bado unacho?" Alinieleza kwamba kilikuwa cha marehemu baba yake, dereva wa lori aliyekinunua Mombasa kabla mwanawe hajazaliwa. Kilikuwa pia kitabu cha kwanza alichokiona chenye nchi inayofanana na kwao. Sikuwa na jibu la kumpa.

Kosa langu si geni duniani. Toleo la kwanza la Action Comics, ambamo Superman alionekana mara ya kwanza mwaka wa 1938, liliuzwa Marekani kwa senti 10. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia nakala nyingi za majarida ya aina hiyo ziliishia katika kampeni za kukusanya karatasi, na nyingine zilitupwa na wazazi. Mwaka wa 2024 nakala moja iliyosalia ilinadiwa kwa dola milioni 6. Simtaji Superman ili kuamsha tamaa ya fedha, bali kuonyesha kwamba kilichodharauliwa na kizazi kimoja huweza kutafutwa kwa tochi na kizazi kingine.

Nasi Afrika Mashariki tuna urithi wetu. Wazee wa rika la baba zetu wanamkumbuka Lance Spearman, mpelelezi mwenye kofia na sigara, aliyesimuliwa kwa picha za kamera katika jarida la African Film. Mwaka wa 1973 Hilary Ng'weno na Terry Hirst walianzisha jarida la Joe mjini Nairobi. Baadaye Hirst alituletea mfululizo wa Pichadithi, jina lililoundwa kwa ustadi kutokana na maneno picha na hadithi. Edward Gitau alituchekesha kwa miongo kadhaa na Juha Kalulu wake, na majirani zetu wa Tanzania walikuwa na jarida la Sani. Je, ni maktaba ngapi za shule zinazoweza kumwonyesha mwanafunzi nakala moja tu ya kazi hizi?

Yupo atakayesema kwamba hadithi za kisayansi hazituhusu, kwamba anga ni ya Wamarekani na Warusi. La hasha! Tarehe 12 Desemba 1970, setilaiti ya kwanza duniani iliyotengwa kwa uchunguzi wa miale ya eksirei kutoka angani ilirushwa kutoka kituo cha San Marco, katika bahari karibu na Malindi. Ilipewa jina Uhuru kwa kuwa siku hiyo ilikuwa sikukuu yetu. Katika riwaya yake Walenisi ya 1995, Katama Mkangi alimrusha mhusika wake Dzombo katika chombo cha angani. Na filamu fupi ya Pumzi ya mwaka wa 2009, iliyoongozwa na Wanuri Kahiu, husimulia dunia iliyokauka baada ya vita vya maji. Ni nani atakayemweleza mtoto wa Garissa kwamba hadithi ya kiu ni ya kigeni kwake?

Kwa upande wa lugha, faida ni kubwa zaidi. Kiswahili kilipohitaji jina la chombo kinachoizunguka dunia, kilikopa na kusema setilaiti. Wasomali walitazama mwezi, ambao huuita dayax, wakaunda neno dayax-gacmeed, yaani mwezi uliotengenezwa kwa mkono. Mwanafunzi anayesoma katuni ya safari za angani, kisha akaulizwa aisimulie kwa Kiswahili na kwa lugha ya mama, hulazimika kufanya kazi ileile ya wataalamu wa istilahi. Ni zoezi ambalo kitabu cha sarufi peke yake hakiwezi kulitoa.

Kuna sababu nyingine iliyo nzito. Mapema mwaka wa 2020, baada ya walimu kuuawa katika mashambulizi ya kigaidi, walimu wengi wasio wenyeji walihamishwa kutoka Garissa, Wajir na Mandera. Madarasa yalibaki na watoto bila wa kuwafunza. Katika hali kama hiyo, kitabu ambacho picha yake humfafanulia mtoto neno asilolijua huwa mwalimu msaidizi. Huduma ya maktaba ya ngamia iliyoanzishwa Garissa mwaka wa 1996 ilithibitisha kwamba kitabu chaweza kumfuata msomaji hadi malishoni.

Sikatai kwamba baadhi ya katuni za kigeni zimejaa ghasia, na kwamba nyingi za zamani zilimchora Mwafrika kama mshenzi asiye na akili. Lakini dawa ya uovu huo si moto. Mwanafunzi anayeonyeshwa picha hizo na mwalimu mwenye busara atajifunza jinsi dharau inavyotengenezwa, nao ushahidi ukishateketezwa, somo hilo litafunzwa kwa nini?

Kazi ya kuvihifadhi haihitaji mamilioni. Shule yaweza kutenga sanduku moja la bati, likainuliwa kutoka sakafuni ili mchwa wasilifikie na likawekwa mbali na jua. Kila kitabu kitiwe katika bahasha, nje yake paandikwe jina la kitabu, mwaka wake ukijulikana, aliyekitoa, na mahali alipokipata. Wanafunzi watumwe kwa wazazi na madereva wa zamani, waulize ni katuni zipi zilizosomwa na zilifikaje Garissa. Maelezo hayo nayo yaandikwe, kwa kuwa ni historia ambayo haimo katika kitabu chochote.

Mimi nimeanza sanduku langu. Kila nipitapo kwa wauzaji wa vitabu vikuukuu Nairobi na Mombasa natafuta watu wale wenye kofia za vioo, lakini bila jalada wala jina, ni kama kutafuta chembe ya mchanga jangwani. Kijana yule aliniambia kwamba kurasa za mwisho zilikuwa zimepotea hata kabla hajarithi kitabu, hivyo yeye na wadogo zake walikuwa wakijitungia mwisho wa hadithi, kila usiku mwisho mpya. Hizo ndizo hadithi nilizozitia motoni. Walimu wenzangu, majuto ni mjukuu.