Korongo wa Ruma Wanategemea Nyasi

Sisi wa Kwale tukitajiwa vilima na wanyama, fikira huenda moja kwa moja Shimba Hills, kwa palahala wetu, ambao Kenya nzima hawapatikani porini kwengine. Kumbe ndugu zetu wa Ziwa Victoria nao wana amana kama hiyo. Nilipokwenda Kisumu kumtembelea shangazi, nilichukua siku moja nikashuka Homa Bay, kisha nikaingia Bonde la Lambwe, ilipo Mbuga ya Taifa ya Ruma.

Mbuga hii ina kilomita mraba 120. Ilitengwa kuwa hifadhi mwaka 1966, ikafanywa mbuga ya taifa mwaka 1983. Ukisimama katikati ya bonde, upande mmoja unaona ukuta mrefu wa Kanyamwa, na upande wa pili vilima vya Gwassi, mabaki ya volkano ya kale. Chini ni udongo mweusi wa mfinyanzi: mvua ikinyesha unanata kama ulimbo, jua likiwaka unapasuka nyufa.

Katika udongo huo miti mingi haistawi. Hustahimili migunga na mijunju, nayo imetawanyika. Mwenye bonde hasa ni nyasi, ndefu hadi kiunoni, na ndizo zinazomweka hai korongo. Simsemi yule ndege. Namsema swala mkubwa mwenye masikio marefu na uso wa weusi na weupe. Mama akizaa humficha mtoto nyasini wiki za mwanzo. Nyasi fupi humwacha wazi kwa fisi. Nyasi zikizeeka zote, nazo huwa ngumu, hazina lishe. Kwa hiyo anahitaji aina mbili karibu karibu: ndefu za kujificha na changa za kula.

Hapo ndipo moto unapoingia. Sehemu ndogo ikichomwa kwa mpango, huchipua nyasi changa, na vichaka havipati nafasi ya kutambaa. Lakini moto wa majangili huteketeza maficho yote kwa siku moja.

Kilichookoa bonde hili ni ndorobo. Nzi huyu hueneza malale kwa watu na nagana kwa ng'ombe, kwa hiyo wakulima na wafugaji walikaa mbali naye miaka mingi. Hata leo ukienda usivae nguo za buluu wala nyeusi, maana rangi hizo humvuta. Nenda kiangazi, ama gari litakwama.

Sensa ya wanyamapori ya mwaka 2021 ilihesabu korongo 15 tu nchini, wote Ruma. Kundi hilo likikutwa na ugonjwa mmoja au moto mkubwa mmoja, hesabu imekwisha.

Na sisi Wapwani tuna funzo letu. Miaka ya 1970 korongo waliletwa Shimba Hills kutoka vilima vya Ithanga, karibu na Thika. Hawakudumu, leo hakuna hata mmoja. Mnyama unaweza kumpakia kwenye lori. Bonde lake, udongo wake na nyasi zake hazipakiki. Basi tukisema tunamlinda palahala, tuulizane kwanza: majani anayokula na kichaka anachozalia, nani anavilinda?